Ncha ya Bandeji

Kila Jumapili kanisa zima lilisikia jinsi mke wa Bingwa alivyopigwa, isipokuwa mke wa Bingwa mwenyewe. Alikuwa na sikio moja tu linalofanya kazi, la kushoto, na zamani aligundua kwamba akikaa benchi la mwisho upande wa kushoto, pembeni kabisa ya dirisha, sikio lililokufa linaelekea madhabahuni na lile zima linaelekea barabarani. Mumewe akishika kipaza sauti, yeye alisikiliza pikipiki. Alisikiliza watoto wakigombea mpira na mtu akimtukana dereva. Waumini walidhani anapenda upepo.

Bingwa bado alikuwa mtu wa kutazamwa. Shingo nene, pua iliyolala upande, mikono kama makoleo. Enzi zake alivaa mkanda wa ubingwa wa ndondi na kwa miaka hakuna aliyemvua, na hata vijana ambao hawakuwahi kuona pambano lake moja walimwita kwa cheo hicho. Kazi aliyopewa na dunia baada ya ulingo ni kufungua na kufunga geti la ghala la mbao, na kupigiwa honi na madereva wanaoona anachelewa. Lakini Jumapili alikuwa mtu. Alisimama mbele akaeleza pombe, akaeleza wanawake, kisha akafika pale walipokuwa wanapasubiri: jioni ile shetani alipompanda kichwani, akamtandika mkewe kofi mpaka sikio likafa. Hapo sauti ilimkatika. Kila Jumapili ilimkatika palepale. Wanawake walilia, wanaume walitikisa vichwa, Mchungaji akasema mnaona wenyewe Mungu alikomtoa mja wake.

Makanisa mengine nayo yalimwalika, na hakurudi bila bahasha. Tuseme kweli: kipigo kile kimoja kilimlipa Bingwa kuliko mapambano yake yote, maana fedha za mapambano zililiwa na mapromota. Aliyepigwa hakupata kitu. Alichopata ni kushikwa mkono nje ya kanisa na wanawake asiowajua, wakimwambia, "Mama, una moyo," huku wakilichungulia sikio lake kama watu wanaochagua nyanya.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kama kweli lilikuwa kofi.

&nbsp;

Binti yao alirudi nyumbani Jumatano mchana, na begi, na miwani ya jua.

Mama alikuwa chumba cha mbele, kwenye cherehani, akimpima nguo mke wa mwenye duka la dawa, mwanamke mwenye mwili mpana na macho mapana zaidi. Binti akaamkia, akapita, akakaa kwenye kiti cha ukutani kushoto kwa mama yake. Tangu akiwa mtoto alijua kukaa upande huo.

Mteja akataka kujua mbona miwani ndani ya nyumba. Binti akasema macho yanauma. Mteja akasema hayo macho ya siku hizi yanaambukiza, na mume naye yanamuuma? Kisha akaomba kioo, akajigeuza mbele yake kushoto, akajigeuza kulia, na kila alipogeuka alikuwa anamtazama msichana, si nguo. Mama akachomeka pini moja karibu mno na nyama. Mteja akaruka.

"Samahani," mama akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusamehewa.

Alipoondoka, binti akavua miwani. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, limejaa kama andazi. Mama hakusema pole. Aliweka mkasi mezani, akachemsha maji, akachagua kitambaa laini kuliko vyote katika mabaki ya wateja, akaanza kulikanda. Binti akamweleza aliyoweza kueleza. Mengine aliyabakiza.

Bingwa alirudi jioni na sare yake ya geti. Alipomwona mwanawe alifanya jambo ambalo mikono yake ililijua kabla ya akili yake: akamshika kidevu, akamgeuza kwenye taa, akalibonyeza fupa la shavu kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemkagua bondia aliyerudi kwenye kona yake baada ya raundi.

"Halijavunjika," akasema. "Mkono wa kulia. Ngumi hii, si kofi."

"Umejua kwa kutazama tu?" mkewe akauliza.

"Mimi mtu wa kazi hiyo. Nitaachaje kujua?"

"La kwangu hukulitazama."

Akajifanya hakusikia, kana kwamba katika nyumba ile sikio bovu lilikuwa lake. Akakaa, akavua kofia, akaanza kuongea kama alivyofundishwa. Kwamba mkwe keshampigia simu, analia kama mtoto. Kwamba Mchungaji ana habari zote. Kwamba ndoa haivunjwi kwa jicho moja. Jumapili kuna mkutano mkubwa wa ndoa, wageni watatoka mbali, na mpango umekwisha kupangwa: kwanza Bingwa na mkewe watapanda jukwaani, wakumbatiane, mke atamke mbele ya watu kwamba amesamehe. Kisha binti na mumewe watapanda, wafanye vilevile, na mkwe amchukue mkewe kutoka palepale hadi nyumbani.

Mke wa Bingwa alikuwa amelikataa jukwaa hilo tangu siku alipoletewa habari zake. Sasa walikuwa wamemwongezea na mtoto. Na kila mmoja katika chumba kile alielewa maana yake: binti akirudishwa mbele ya umati wote ule, wakipiga makofi na vigelegele, siku nyingine akipigwa hatakuwa na pa kukimbilia. Atakayemfungulia mlango ataonekana anafunga mlango wa Mungu.

"Umri wake ni kama wangu wakati ule," mama akasema.

Bingwa akajibu kwamba hata wao walivuka salama.  Mkewe alikwenda kwenye cherehani akakanyaga kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

&nbsp;

Jumamosi alasiri wakaja wawili, Mchungaji na mkwe.

Mkwe aliuza vipuri vya magari. Kijana nadhifu, maneno laini, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mkononi saa kubwa inayomwaga mwanga. Alibeba mfuko wa sukari na dumu la mafuta ya kupikia, kama anakuja kuposa upya. Akainama kumwamkia mama mkwe, lakini aliamkia upande wa kulia, hakujibiwa, akamtupia Mchungaji jicho kama kusema, waona nyumba niliyooa?

Walikaa sebuleni chini ya mkanda wa ubingwa, ambao Bingwa aliuning'iniza ndani ya sanduku la kioo na mkewe ndiye aliyeufuta vumbi. Siku ile mama hakukaa mahali pake pa kawaida. Alivuta kiti mpaka kwenye pembe ya meza, sikio zima likawaelekea wote.

Mchungaji aliongea kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likiudhi: alizika watu bila kudai kitu, alilala hospitalini na wagonjwa wasio na ndugu. Ila alikuwa na umati Jumapili, na aliupenda umati kama Bingwa alivyoupenda zamani. Alieleza ndoa kama nyumba na adui kama mwizi. Kila alipofika kwenye neno adui alitazama dirishani, hakumtazama mkwe hata mara moja.

Mkwe naye akatoa leso. Alisema hajui kilichomkuta. Ni kama giza, kama mtu mwingine aliingia ndani yake. Alipozinduka akamkuta mwenzake yuko chini. Kisha akamgeukia Bingwa.

"Baba, wewe unanielewa. Hata wewe yalikukuta."

Bingwa akaitikia kwa kichwa. Aliitikia haraka, kama mtu anayelipa nauli ili kondakta aache kumsemesha.

Mchungaji akamwomba binti aseme yaliyotokea, kwa kifupi, wayaweke mikononi mwa Mungu. Neno 'kwa kifupi' alilirudia. Binti alikuwa amevaa miwani yake. Akaivua kwanza, ndipo akaongea.

"Nilimcheka mbele ya rafiki zake. Alikuwa anajisifu jambo, mimi nikacheka. Walipoondoka akafunga mlango kwa ufunguo. Akavua saa, akaiweka juu ya televisheni. Akaniambia nisogee, nilikuwa nimesimama karibu na kabati la vyombo. Nikasogea. Halafu akanipiga."

"Saa ile ni ya bei kubwa," mkwe akasema.

Lilimtoka tu. Mtu angedhani ameulizwa.

Hakuna aliyelipokea lile neno. Lilibaki katikati ya sebule na sukari na dumu la mafuta. Bingwa aliutazama mkono wake wa kushoto uliokuwa umelala gotini, akaugeuza kiganja chini. Mkewe alimwona, akaanza kucheka, kicheko kikavu kama cha mtu aliyepaliwa.

"Mwanangu," akasema, "mwulize baba yako habari za bandeji."

"Mama, hayo yaache," Bingwa akasema.

"Nitayaacha vipi, nawe hujawahi kuyasema?"

Mchungaji akainua mkono kuashiria amani. Mama aliutazama mkono ule mpaka ukashuka wenyewe. Kisha akazungumza na binti yake tu, kama vile wengine ni viti.

"Baba yako alikuwa na pambano la kuutetea huo mkanda. Kocha wake alimkataza mkono wa kushoto usiguse hata kitasa cha mlango, ndio uliokuwa ukitulisha. Jioni hiyo nilimuuliza mbele ya rafiki zake atarudi saa ngapi. Basi, ni hilo tu. Walipoondoka akatoa bandeji kwenye begi lake la mazoezi, akakaa kitandani, akaanza kujifunga. Zile bandeji ni ndefu. Inaanzia kidole gumba, inazunguka kifundo, inapita katikati ya vidole, inarudi tena. Mwishoni anahitaji mtu wa kumshikia ncha, na siku zote mtu huyo nilikuwa mimi. Akaniambia, nishikie. Nikamshikia. Nilidhani anakwenda mazoezini." Akaokota uzi kwenye gauni lake. "Hata nikamuuliza, inakubana? Akasema, hapana, iko sawa."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni wenye gurudumu bovu. Walisubiri mpaka apite.

"Shetani hafungi bandeji, Mchungaji," mama akasema. "Wala havui saa."

Binti alikuwa anamtazama baba yake. Maisha yake yote alikuwa amesikia habari za kofi. Alizisikia akiwa mdogo, amebebwa, akazipigia makofi pamoja na wengine zilipokwisha. Sasa alimsubiri baba yake aseme uongo, na kusema kweli alitamani auseme.

"Nilifunga wa kushoto tu," Bingwa akasema. "Wa kulia sikuufunga."

Mchungaji akakohoa. Alivuta kiti karibu na Bingwa, akateremsha sauti kwa upole uleule anaoutumia kwa wafiwa. Alisema hilo la bandeji ni zito, na kwa kuwa Mungu keshalifuta, hakuna haja ya mwanadamu kuliandika upya. "Kesho mbele ya wageni tubaki na lile la kofi," akasema. "Watu wameshalizoea."

Palepale ndipo jambo fulani lilipomfika Bingwa, na halikuwa roho wala malaika. Ilikuwa hasira, na safari hii haikuwa na mtu mwingine wa kumwangukia. Alikuwa amelieleza lile kofi mara nyingi mpaka akawa analiona: kiganja wazi, giza, shetani. Na imani yake kwa Mungu ilikuwa ya kweli, hilo lisichezewe. Aliacha pombe kweli, alilia machozi ya kweli. Lakini kumwomba Mungu msamaha ni kazi nyepesi. Mungu hajawahi kulala na wewe kitanda kimoja sikio lake likitoka usaha mpaka mto ukaloa. Mungu hakukushikia ncha. Bingwa alikuwa amekwenda kulipa deni kwa jirani wa yule anayemdai, na jirani akampongeza.

Mkwe, kwa kuona kimya kimerefuka, alidhani mambo yamekwisha. Akasimama, akaliendea begi la mkewe lililokuwa pembeni ya mlango. "Haya, twende nyumbani," akamwambia.

Bingwa naye akasimama. Mkwe akarudi nyuma hadi ukutani, akakunja viwiko mbele ya uso, na wote wakaona kwamba kijana aliyemfumba jicho mwanamke mwenye nusu ya uzito wake alijua vizuri sana namna ya kujikinga. Lakini Bingwa alikuwa ameitia mikono yote miwili mifukoni, na aliiacha humo.

"Weka begi chini, utoke."

"Baba, si sisi wamoja?" mkwe akasema nyuma ya viwiko. "Leo unanigeuka?"

"Tu wamoja. Ndiyo maana nakujua. Toka."

Mchungaji alijaribu maneno mawili matatu, hayakushika. Mlangoni mama aliwafuata na mfuko wa sukari na dumu la mafuta, akaviweka mikononi mwa mkwe. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa, mkwe alishindwa kufunga mlango nyuma yake, mtaa mzima ukamwona akitoka na sukari aliyokuja nayo.

Ndani, Bingwa alibaki amesimama. Alitarajia kitu, hakujua nini. Walau glasi ya maji. Mkewe alimpita akaenda jikoni. Binti alilinyanyua begi, akasimama mbele yake.

"Ni kweli alikuuliza kama inakubana?"

"Ni kweli."

Binti akaingia chumba cha mama yake, akafunga mlango. Bingwa aliutazama ule mlango kwa muda. Kisha akalishusha sanduku la kioo kutoka ukutani, akaliweka sakafuni, mkanda umeelekea ukuta. Hakuna aliyemwona, na kama wangemwona wasingejali.

&nbsp;

Jumapili alivaa suti yake ya pekee akaenda peke yake. Benchi la mwisho upande wa kushoto lilikuwa na watu wengine, wageni, wamebanana. Mkwe alikaa mbele na tai mpya, pembeni yake amewekewa kiti kitupu kana kwamba mwenye kiti yuko njiani.

Mchungaji hakukusudia kumwita. Ni umati uliomwita, maana waliahidiwa Bingwa. Akapanda. Alieleza pombe, wakaitikia. Alieleza wanawake, wakaitikia. Alipofika jioni ile, akina mama waliokaa mbele wakaanza kutafuta leso zao mapema.

"Halikuwa kofi," Bingwa akasema, na sauti haikumkatika. Akawaeleza bandeji, kidole gumba, kifundo, katikati ya vidole. Akawaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, hatua kwa hatua, kama anavyowafundisha ngumi vijana wa mtaani jioni. Akawaambia nani alishika ncha, na aliuliza nini.

Hakuna aliyesema amina. Leso zilibaki mikononi. Watu wakatazama viatu vyao, na wanaume kadhaa wakatazama saa. Mmoja alikuwa bado anatazama saa yake wakati Bingwa alipotaja mwanaume mwingine aliyevua ya kwake kwanza, lakini jina hakulimaliza, kwa sababu Mchungaji alikuwa keshawapa kwaya ishara. Kinanda kikapigwa juu ya maneno yake. Kipaza sauti kilichukuliwa kwa upole, kwa tabasamu, na mzee mmoja wa kanisa akamshika kiwiko akamteremsha ngazi kama wanavyoteremshwa mabondia walioshindwa.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Siku hiyo hakukuwa na bahasha. Mtu mmoja alimkimbilia njiani, kijana wake wa mazoezi, akamwambia, Bingwa, leo umeharibu. Bingwa akamwambia alikwisha kuharibu siku nyingi.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani akimalizia nguo ya mke wa mwenye duka la dawa. Binti alikuwa sakafuni akitoa pini, uvimbe umeanza kupungua, jicho linafunguka kidogo. Redio ilikuwa imezimwa. Bingwa alisimama mlangoni na suti yake, akangoja kuulizwa habari za kanisani. Hakuulizwa. Ndipo akavuta kigoda kilichokuwa karibu, akakaa kando ya mkewe, upande wa mlango, akainamisha kichwa. Akasema. Alisema bila kumtaja shetani, bila kumtaja Mungu, maneno machache ambayo hakuwahi kumwambia tangu wafahamiane, na yalimchukua muda mrefu kuyatoa kuliko ushuhuda wote. Jasho lilimtiririka shingoni.

Mkewe aliendelea kukanyaga pedali. Sindano ilikwenda mpaka mwisho wa pindo, ikageuka, ikarudi.

Binti aliinua kichwa. Alimtazama baba yake aliyekuwa ameketi kulia kwa mama, akajibu kwa hasira ya mtu aliyechoka kufundisha kitu kimoja.

"Baba, hilo sikio ulishaliua. Zunguka."

Bingwa akasimama. Upande wa pili palikuwa pamejaa: fungu la vitambaa, pasi, sanduku la nyuzi, kiti cha wateja, na binti mwenyewe amenyoosha miguu. Hakuna aliyemsogezea kitu. Ilibidi akunje suti yake, apite ubavu, aruke miguu ya mwanawe, aondoe vitambaa kimojakimoja mpaka akapata pa kupiga magoti. Akayasema tena yote, tangu mwanzo, karibu na sikio zima.

Cherehani ikasimama. Mama aliukata uzi kwa meno, akaikung'uta ile nguo, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha kama ina kasoro.

"Nimesikia," akasema.

Akachukua nguo nyingine, akaiweka chini ya sindano.